Kabla ya kubandika karatasi ukutani

Karatasi za ukutani zenye mfano wa matofali zinapendezesha sebule haraka, lakini mzazi wa Bariadi aukague ukuta kwanza. Maeneo mengi ya Simiyu yana udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Msingi ukiwa dhaifu, ukuta hupata nyufa na karatasi huchanika hapo hapo. Unyevu ni mbaya zaidi: ukungu huota nyuma ya karatasi bila kuonekana, na mtoto mwenye pumu ndiye anayeumia. Mvua ikishanyesha, pitisha kiganja chini ya dirisha. Plasta ikiwa na majimaji au chumvi nyeupe, usibandike kitu. Tafuta kwanza maji yanapoingilia.

Kwa ukuta mkavu wenye nyufa ndogo, mchoro wa rangi ni bora, maana ufa unazibwa na kupakwa upya. Wala si jambo geni Usukumani. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walichora nyoka na watu ndani ya nyumba zao, na Hans Cory aliandika kitabu juu ya michoro hiyo, kikatoka mwaka 1953.

Chumbani kwa mtoto, mwache achague mnyama mwenyewe. Sehemu ya chini ipakwe rangi inayooshika, kwa sababu kalamu yake itafika tu.