Namugongo Ni Yetu Pia



Ndugu zetu katika imani, kila inapokaribia tarehe 3 Juni, mahujaji wa Kikristo kutoka magharibi mwa Uganda hutembea kwa miguu siku nyingi kwenda Namugongo. Watoto wetu wa Kahendero na Bwera huuliza: Je, na sisi Waislamu tunao waliokufa kwa ajili ya dini katika nchi hii? Wapo wazazi wanaowajibu: Namugongo si kwetu, nyamaza usome. Jibu hilo tunalipinga.

Mwaka 1876, miaka 10 kabla ya Wakristo kuchomwa pale, Kabaka Mutesa I aliamuru Waislamu wauawe. Kabaka mwenyewe alikuwa akiswali na kufunga Ramadhani, lakini hakukubali kutahiriwa. Vijana wa jumba lake wakakataa kula nyama ya wachinjaji wake, wakakataa na kuswali nyuma yake. Takriban 70 waliuawa. Hawakuwa wageni kutoka pwani wala Uarabuni. Walikuwa wana wa nchi hii. Mtoto asiyeyajua haya hukua akidhani Uislamu Uganda ni mpangaji tu, na mpangaji hutolewa nyumbani kwa urahisi.

Wengine hutuletea Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba safari ya ibada hufungwa kwa misikiti mitatu tu: Makka, Madina na Al-Aqsa. Ni kweli, na tunaikubali. Hatusemi mtu aende Namugongo kutafuta thawabu za mahali, wala kuwaomba maiti haja zake. Hiyo ni shirki. Lakini Qur'ani imetuamrisha tutembee katika ardhi tuzingatie yaliyowapata waliotutangulia. Kwenda kujifunza si kwenda kuabudu.

Tena ajabu! Watoto wa Kahendero, ambao tembo na viboko ni majirani zao, hupandishwa basi zaidi ya kilomita 300 kwenda Entebbe kutazama wanyama. Nauli hiyo hupatikana. Basi linapita Kampala, na Namugongo iko nje kidogo ya jiji, lakini halikati kona.

Wazazi na walimu wenzetu, safari ijayo lipitisheni basi hilo Namugongo. Kabla ya kuondoka, wafundisheni watoto habari za mwaka 1876. Wakifika, wamwombee Allah awarehemu wale vijana, kisha warudi wakijua dini yao ina mizizi hapa.

Wabillahi tawfiq.