Daktari kijana, usishike zamu ya lokamu kwa "tutaelewana"

Umesoma miaka sita, ukamaliza mwaka wa uanagenzi, na leseni ya baraza la madaktari, KMPDC, iko mkononi. Kazi ya kudumu nayo haijulikani itatangazwa lini. Ijumaa jioni simu inalia: kuna kliniki Shirere, hapa mjini Kakamega, daktari wao amesafiri. Utashika zamu ya usiku?

Hiyo ndiyo lokamu. Ni kazi halali na si ya kuonea haya. Shida ni jinsi tunavyoikubali: simu ya dakika mbili, hakuna karatasi. "Njoo tu, daktari, tutaelewana." Mwezi ukiisha unaambiwa wagonjwa walikuwa wachache, ngoja bima ilipe.

Kumbuka mgomo wa 2024. Madaktari walikaa nje siku 56, na mzozo mkubwa ulikuwa malipo ya wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa Sh206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa Sh70,000. Ikiwa wenye mkataba na chama cha KMPDU walisumbuka hivyo, wewe mwenye neno la simu utadai na nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na si pesa tu. Mama anayeleta mtoto saa nane usiku hajui wewe ni wa muda. Kwake wewe ni daktari, basi. Dozi ikikosewa, jina lililo kwenye faili ni lako.

Kwa hivyo uliza mapema. Zamu ni saa ngapi, malipo ni kiasi gani na yanatoka lini? Maabara hufanya kazi usiku? Mgonjwa akizidiwa, anapelekwa wapi na kwa gari gani? Asubuhi unamkabidhi nani wagonjwa? Kisha andika kila kitu kwenye faili, maana daktari wa kesho huenda asikupate kwa simu.

Kama bado u mwanagenzi, usijaribu kabisa. Leseni yako ni ya kufanya kazi chini ya usimamizi, katika hospitali uliyopangiwa.

Mkataba si lazima uwe wa wakili. Tuma ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, saa na kiasi, ujibiwe "sawa". Mwenye kliniki akikataa hata hilo, ashakujibu. Lala kwako.