TIMU YA MKUNJO, MFUKO MTUPU: Nyie Wakali wa eFootball wa Tunguu, Leo Tuambizane Ukweli

Haya wadau, leo jina la mtu sitaji, na naomba msije inboksi kuniuliza "ni nani huyo?" Mwenyewe anajijua. Maskani nzima inamjua. Akisoma hapa atanuna siku mbili, ya tatu atakuja kuniomba chaja.

Kwa wasioijua Tunguu: ukitoka mjini ukapita Mwanakwerekwe na Jumbi, unaingia kwenye mji wa wanafunzi. SUZA iko hapa, Zanzibar University iko hapa, na kati yao kuna vijana ambao mchana wanasoma na usiku baada ya isha wanakaa vibarazani, simu mkononi, pawabenki katikati kama sinia ya wali. Wanacheza eFootball. Zamani tuliiita PES, tangu 2021 imebadilishwa jina, ila kelele ni zile zile.

Huyu ninayemsema alikuwa mfalme wa kibaraza kimoja. Silaha yake moja tu: ule ustadi unaoitwa Blitz Curler, sisi tunauita mkunjo. Mchezaji mwenye kadi ya mkunjo akipata nafasi nje ya boksi, mpira unatoka kwa kasi, unakunja, unaingia kona ya mbali, kipa anaruka kwa heshima tu. Basi jamaa akaamua timu nzima iwe ya mkunjo. Washambuliaji watatu mkunjo. Viungo wawili mkunjo. Benchi mkunjo. Mabeki? Mabeki aliwaokoteza, ilimradi wafike kumi na moja.

Na kwa wiki mbili alitunyoosha kweli, siwezi kukataa. Kila ukimfunga unasikia "subiri mkunjo", na kweli unakuja. Akajipa jina, akaweka picha ya kikosi kwenye wasifu wake, akawa anatembea chuoni kama kocha wa taifa.

Halafu wakaandaa bonanza. Watu wanane, kiingilio elfu tano, mshindi anaondoka na 40,000. Fainali akakutana na dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole, hijabu yake nyeupe, simu yake kioo kimepasuka, kikosi chake kadi za bure za matukio ya wiki. Watu wakaanza kucheka kabla mpira haujaanza.

Dada wa watu hakufanya miujiza. Alifanya mambo matatu. Alimweka kiungo mkabaji mmoja mbele ya mabeki, akamwambia wewe usiende popote. Pili, kila mshambuliaji wa jamaa akipokea mpira, yule dada anafunga upande wa mguu wake mzuri, anamwachia ule mbovu. Tatu, hakumpa muda. Kiki ya mkunjo inataka kujipanga, mguu unarudi nyuma, mwili unageuka. Beki akiwa karibu, kiki haitoki. Dakika ya tisini inaisha: dada 2, mfalme 0. Mabao yote ya kichwa, krosi kutoka pembeni, kwa sababu mabeki wa kuokoteza hawarukagi.

Mpaka hapo ni kichekesho. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike.

Usiku ule ule, badala ya kujiuliza "nimekosea wapi?", jamaa akasema "nimekosa kadi moja tu". Bumu lilikuwa limeingia wiki ile. Akanunua koini, akavuta kadi. Hakupata. Akanunua tena. Kufika alfajiri, hela ya chakula cha mwezi na ya kuchapisha ripoti yake ya utafiti imeingia kwenye simu na haijatoka. Mwezi mzima akawa mgeni wa kila sufuria dahalia. Na niseme ukweli wote: elfu hamsini katika zile hela zilikuwa zangu, alizikopa akasema ni za ripoti.

Sasa nyie mnaomtetea, na mko wengi, hoja yenu naijua: "Hela yake, simu yake, ushindi ni ushindi." Twende taratibu.

Kwanza hesabu, maana wengine mnasoma biashara na uhasibu lakini mkishika simu mnaisahau. Chukua sanduku la kadi 150 lenye Epic 3 ndani, aina ambayo kila mchezaji ameshakutana nayo. Mvuto mmoja koini 100, kumi kwa mkupuo koini 900. Ukivuta kumi, nafasi ya kuipata ile kadi moja unayoililia ni 10 kati ya 150, yaani 1 kati ya 15. Ukitaka nafasi ya nusu kwa nusu, vuta kadi 75. Ukiwa na nuksi kama yule bwana, yako itakuwa ya mwisho kabisa, na hapo umeshamaliza koini 13,500. Badilisha mwenyewe kuwa shilingi, halafu zigawe kwa bei ya sahani ya wali na maharage. Mimi nimejaribu nikaacha njiani, nilisikia njaa.

Kamari tunaitambua haraka sana tukiiona mjini kwenye mashine ya kutumbukiza sarafu. Tunapita mbali, tunasema astaghfirullah. Ikija kwenye simu ina rangi, ina muziki, ina sura ya mchezaji tunayempenda, tunaiita "kuvuta kadi". Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka wazi kwamba masanduku ya bahati ya kulipia ndani ya michezo ya video ni kamari. Wazungu wanaotuuzia simu wameshtuka, sisi tunaopokea bumu tunasema "ushindi ni ushindi".

Pili, na hapa ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo: hata kama kadi zote ungepewa bure, timu ya uwezo mmoja si timu. Ni tegemeo. Mwenzio akishajua kitu kimoja unachokiweza, anakuwa na kazi moja tu ya kufanya. Wewe una kadi kumi na moja, yeye anakaba jambo moja. Nani ana kazi nyepesi hapo?

Nenda baraza yoyote ya Unguja jioni, waangalie wazee wanavyocheza karata. Mzee akipewa turufu tatu mkononi haruki ruki. Anaficha. Anatupa vidogo kwanza, anasoma wenzake wana nini, turufu inakuja pale inapouma. Kijana wa Tunguu akipata turufu anaitupa ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu mkono mzima uliobaki ni makapi na anaanza kusema simu ilikwama. Turufu ni ya kumalizia kazi, na kazi yenyewe inafanywa na karata nyingine.

Kama karata za wazee hamzitaki, njooni uwanjani. Kombe la Mapinduzi 2023 nani alichukua? Mlandege. 2024? Mlandege tena, na safari ile fainali waliifunga Simba 1-0. Weka kikosi cha Simba na cha Mlandege kwenye kadi uone ipi zitang'aa. Nyota wote, thamani yote, majina yote yako upande mmoja. Lakini Mlandege walikuwa na watu wanaojua kukaa nyuma, kuvumilia, na kutumia nafasi ikija. Nyie mlishangilia barabarani usiku ule. Asubuhi mkarudi kwenye simu kujenga timu ya kadi tano zinazofanya kitu kile kile.

Na kisiwa hiki chenyewe si kimeshatufundisha? Bibi zetu walijenga maisha juu ya karafuu, bei ikaanguka miaka ya 1980, waulizeni ilikuwaje. Tukahamia utalii, 2020 korona ikafunga anga, na mahoteli ya pwani yakafunga milango, vijana wakarudi majumbani na vyeti vyao vya upishi. Karafuu na utalii havikuwa vibaya. Ubaya ulikuwa kutokuwa na cha pili. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa hapa akiniambia "mimi nina mkunjo, sihitaji beki", namwangalia tu. Historia ya nyumbani kwao hajaiuliza.

Najua mwingine atasema: "Wee mwandishi, ni mchezo tu, mbona unaukuza?" Mimi siukuzi, umeshakua wenyewe. Desemba 2024 FIFA waliandaa kombe la dunia la eFootball kule Riyadh, na Indonesia ndio walioondoka na ubingwa wa upande wa konsoli. Indonesia! Nchi ya visiwa na karafuu kama sisi. Vijana wao wamefika kule kwa kujua kucheza. Hapa Tunguu kuna vipaji, naviona kila usiku, lakini vinafia kwenye imani moja ya kijinga: kwamba kati yako na ubingwa kuna kadi moja tu usiyokuwa nayo. Ndiyo imani ile ile ya "nikipata simu nzuri nitasoma", "nikipata mtu wa kunishika mkono nitatoka". Kila siku kimebaki kitu kimoja, na hicho kimoja daima kinauzwa.

Sikatai kadi nzuri. Mkunjo mtamu, mimi mwenyewe nina mchezaji mmoja nao na siku akiuachia napiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Kuwa na mtu hatari mmoja ni akili. Lakini akili hiyo inataka watu kumi wa kumfanya awe hatari: mmoja wa kunyang'anya, mmoja wa kupanua uwanja ili mabeki watoke, mmoja wa kuruka krosi siku njia ya katikati imefungwa. Ukikabwa huku, una kule. Mpinzani akianza kukuogopa kwa mambo mawili, lile la kwanza linarudi kufanya kazi. Yule dada aliliona hilo kwa kadi za bure na kioo kilichopasuka.

Kwa hiyo kabla hujanijibu kwa hasira, fanya jaribio moja. Cheza wiki nzima bila mkunjo. Toa wote, waweke benchi. Ukipigwa kila mechi, ujue ulikuwa hujui kucheza, ulikuwa umepanga chumba kwenye uwezo wa mtu mwingine. Ukishinda hata nusu, warudishe mmoja au wawili, utaona moto wake. Na bumu likiingia, lipa kwanza chakula, lipa ripoti, lipa madeni. Kitakachobaki ndicho uulize moyo wako kama unataka kukitumbukiza kwenye sanduku lenye nafasi 1 kati ya 15.

Yule dada 40,000 zake alifanyia nini? Nilimuuliza. Akasema kioo cha simu bado hajabadilisha, kwanza alinunua vitabu viwili na kumtumia mama yake zilizobaki. Halafu akaniuliza kama nataka mechi. Nilisema nina kipindi.

Na wewe mfalme, ukimaliza kununa: ile elfu hamsini naisubiri. Usinilipe kwa koini.

Wadau, mnasemaje? Timu ya uwezo mmoja ni ujanja au ni uvivu? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana, na msitaje jina la mtu.