Filbert Bayi na Kipimo cha Dhahabu
Wanafunzi wangu hapa Arusha wamenihoji: je, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, anastahili kuingizwa katika Ukumbi wa Magwiji wa riadha duniani ilhali hana dhahabu ya Olimpiki? Ukumbi huo ulipoanzishwa mwaka 2012, ulidai dhahabu mbili za Olimpiki au za mashindano ya dunia. Mashindano hayo ya dunia yenyewe yalianza mwaka 1983, Bayi akiwa ukingoni.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Aliyemfuatia ni John Walker wa New Zealand. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Dhahabu akaitwaa Walker.

Wapo wanaokumbusha kwamba Bayi aliugua malaria muda mfupi kabla ya michezo hiyo. Ni kweli, na huenda asingeshinda. Lakini kususia ulikuwa uamuzi wetu kama taifa, nami nauona ulikuwa wa haki. Gharama yake aliilipa mwanariadha. Ningemwingiza, na katika maelezo yake ningetaka mwaka 1976 uandikwe pamoja na sababu yake.