Mgomo wa Waandishi na Hadaa ya "Maisha Halisi"

Kuna kauli inayorudiwa kila waandishi wa televisheni wa Marekani wanapogoma: kwamba wao ndio wanaomharibia mtazamaji, kwani wakiweka kalamu chini vituo havina budi kurusha vile vipindi viitwavyo vya "maisha halisi". Kwa kauli hiyo mgomaji anageuzwa mkosaji, na mwajiri anageuzwa mtu aliyelazimishwa na dhiki. Kauli hii ni batili, na matukio yenyewe yanatosha kuubainisha ubatili wake.

Tuanze na madai ya waliogoma. Tarehe 5 Novemba 2007 waandishi wapatao 12,000 wa filamu na televisheni, chini ya chama chao cha WGA, walisimamisha kazi. Walikaa siku 100, hadi tarehe 12 Februari 2008. Hawakudai mali ya mtu. Mwandishi alikuwa akipata takriban senti 4 kwa kila nakala ya DVD iliyouzwa, na kazi yake ilipooneshwa kwenye intaneti makampuni yalishikilia kwamba ile ni matangazo tu, haistahili malipo. Hivi aliyebuni kisa, akakiandika na kukirekebisha, adai sehemu ya pato la jasho lake, kisha aambiwe ni mchoyo?

Makampuni yalijibu kwa njia gani? Mnamo Januari 2008 kituo cha NBC kilirusha The Apprentice ya Donald Trump kwa sura mpya ya watu mashuhuri, na kikafufua American Gladiators, mashindano ya nguvu. CBS nayo ikaileta Big Brother mwezi Februari, ilhali huko kilikuwa kipindi cha majira ya joto. Vyote hivyo havikuhitaji mwandishi aliye katika chama. Basi tusidanganyike: havikuwa kiraka cha kuzibia pengo tu, bali vilikuwa silaha ya kumwambia mgomaji kuwa hahitajiki.

Silaha hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1988 waandishi waligoma kuanzia Machi hadi Agosti, zaidi ya siku 150. Machi 1989 kituo cha Fox kikaanza kurusha COPS, kipindi cha kamera kuwafuata askari wa polisi wakikamata watu mitaani, bila mwigizaji wala mwandishi wa kisa. Faida ikaonekana, na somo likashikwa.

Watetezi wa makampuni watasema: je, huo si ushahidi kwamba mgomo ndio mama wa vipindi hivi? La hasha! Survivor ilianza Marekani mwezi Mei 2000, na Big Brother ikafuata Julai mwaka huo huo. Je, mwaka huo waandishi wa WGA walikuwa wamegoma? Hawakugoma. Fainali ya Survivor ilitazamwa na watu wapatao milioni 51, na kuanzia hapo kila kituo kikakimbilia bidhaa hiyo, kwani gharama yake ni ndogo na mapato yake ni makubwa. Mama yake, basi, ni tamaa. Mgomo ulikuwa mkunga tu.

Hoja ya pili ni ya jina lenyewe. Wanasema ni maisha halisi, hayakuandikwa. Lakini nani huchagua saa moja katika mamia ya saa za picha? Nani huamua fulani awe mwema na fulani awe fitina, na ugomvi wa leo ubandikwe kwenye neno la juzi? Hiyo ni kazi ya kutunga kisa, ila mtendaji wake amenyimwa jina la mwandishi ili anyimwe na haki zake. Mwaka 2006 wafanyakazi 12 waliokuwa wakiunda visa vya America's Next Top Model waligoma wakitaka watambuliwe na WGA. Kipindi kiliendelea bila wao, na nafasi zao zikafutwa. WGA yenyewe iliingia mazungumzo ya 2007 ikidai watu wa aina hiyo wawe chini yake, lakini Januari 2008 ikaliacha dai hilo ili mazungumzo yasonge. Walio dhaifu zaidi wakabaki nje ya mlango.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni heshima ya binadamu. Januari 2008, mgomo ukiwa bado unaendelea, Fox ilianzisha The Moment of Truth. Mshiriki aliulizwa siri zake mbele ya jamaa zake, mashine ya kupima uongo ikiwa hakimu, na zawadi ya juu ilikuwa dola 500,000. Mwezi Februari mwanamke mmoja alikiri uzinifu mbele ya mumewe, fedha zikiongezeka kwa kila aibu aliyoifichua. Kisha akaulizwa kama anajiona ni mtu mwema. Akajibu ndiyo. Mashine ikasema ni uongo, na fedha zote zikapotea. Ndoa imeraruliwa hadharani, mkono umebaki mtupu, na kituo kimekwisha kuuza matangazo yake. Katika biashara hii nani amefaidika?

Wala tusiseme hayo ni ya Wamarekani. Big Brother Africa ilipoanza mwaka 2003 iliwaweka ndani ya nyumba moja washiriki kutoka nchi 12, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, na mwaka 2007 mshindi alikuwa Mtanzania. Vijana wetu wamefundishwa kwamba kutazamwa ni kazi, na kwamba sitara ni ushamba.

Waandishi waligoma tena tarehe 2 Mei 2023, wakakaa siku 148, na mara hii walitaka pia mipaka iwekwe kwa mashine zinazoandika. Waliipata kwa sababu walikuwa na chama. Mshiriki wa vipindi hivi hana chama. Ni Desemba 2024 tu ambapo ofisi ya mamlaka ya kazi ya Marekani iliwasilisha mashtaka ikidai kwamba washiriki wa Love Is Blind ni waajiriwa kisheria. Miaka yote hiyo walioitwa washindani walikuwa wakifanya kazi.

Ndugu msomaji, dhulma hizi mbili ni moja. Anayemnyima mwandishi ujira wake ndiye huyo huyo anayenunua aibu ya mnyonge kwa bei ya chini ili apate cha kurusha. Wote wawili humhitaji mtazamaji, kwani bila macho yetu hakuna tangazo linalouzika. Basi kabla ya kumlaumu aliyegoma, na tuangalie kwanza kidole chetu kimebonyeza wapi.