Likasi: Bwana na bibi wanataka kupumzika karibu na mji. Ni nini kinawazuia?

Kwa bwana na bibi wengi wa Likasi, kwenda kulala usiku mmoja nje ya mji, paka wao wawili, bila watoto na bila kilio cha kuhudhuria, ni jambo linaloonekana kuwa la watu wenye makuta mengi. Lakini ndani ya kilomita 100 kutoka soko kubwa la mji kuna ziwa, kuna mto mkubwa, kuna maporomoko ya maji na kuna pori la miombo. Mahali hapakosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kupachunga, na sababu zake zinatoka mbali.

Kwa wasomaji wa Goma na Bukavu, miji iliyoingia mikononi mwa M23 Januari na Februari 2025, habari hii inaweza kuonekana ndogo. Huko vita ndivyo vimefunga njia za kutoka mjini. Haut-Katanga haiko katika hali hiyo. Hapa njia iko wazi, na kwa hiyo swali linakuwa lingine: mji uliotoa shaba na kobalti kwa zaidi ya miaka 100 umewaachia wakaaji wake nini cha kufurahia siku mbili za mwisho wa juma?

Siku ya posho inaenda wapi?

Katika Swahili ya huku, Jumamosi ni siku ya posho. Posho ilikuwa mgawo wa chakula ambao wenye kazi walikuwa wakiwapa wafanyakazi kila juma. Jina hilo peke yake linaonyesha kwamba hata siku ya kupumzika ilipangwa na mwenye kazi.

Leo posho haigawiwi tena, lakini siku yenyewe haijawa huru. Asubuhi kuna kufua na kwenda soko. Mchana kuna ndoa ya mtoto wa ndugu, na mara nyingi kuna kilio. Siku ya yenga kuna ibada, kisha wageni. Anayefanya kazi ya zamu katika kiwanda au mgodi anaweza kukuta kwamba siku yake ya bure ni ya tatu ya juma, wakati bibi yake yuko sokoni au shuleni anafundisha. Wawili wanakaa nyumba moja, lakini wanaonana kama watu wanaopishana mlangoni.

Tena kuna maneno ya jamaa. Bwana na bibi wakisema wanaenda Kapolowe wawili tu, swali la kwanza ni: « Kuna nini? Mumegombana? » La pili ni: « Makuta ya kutembea munayo, na ya shule ya mtoto wa kaka yako je? » Kuacha watoto kwa mama mkubwa kwa sababu ya kilio kunaeleweka. Kuwaacha kwa sababu ya kupumzika bado kunahitaji maelezo.

Zamani kampuni ndiyo ilipanga

Wazo la bwana na bibi kuwa na wakati wao si geni Katanga. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga iliacha kutegemea wanaume waliokuja peke yao kwa mikataba mifupi. Ilitaka mfanyakazi akae kambini pamoja na bibi yake na watoto, kwa sababu mtu mwenye nyumba yake hakimbii kazi. Ikajenga nyumba, shule, hospitali, viwanja vya mpira na kumbi za starehe. Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi 1966, ilikuwa mojawapo ya miji hiyo ya kampuni, pamoja na viwanda vyake vya Shituru na Panda.

Katika kambi hizo hizo za wafanyakazi, mambo ya ndoa yalizungumzwa wazi. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza kazi Kolwezi katika miaka ya 1950, na mafundisho yake yakazaa Jamaa. Watu waliingia Jamaa bwana na bibi pamoja, wakafundishwa juu ya uzima, uzazi na mapendo, na jambo kubwa lilikuwa wawili kukaa chini na kuambiana mawazo yao. Jamaa ilienea katika miji ya migodi. Mtu anayesema leo kwamba bwana kutembea na bibi yake ni desturi ya wazungu, amesahau historia ya karibu sana.

Kampuni ikawa Gécamines baada ya Mobutu kuitaifisha, na kwa miaka mingi iliendelea kuwa baba na mama wa mji. Kisha ikaanguka. Kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka katika ile iliyoitwa « départs volontaires ». Walioondoka walipoteza mshahara, na pamoja nao mji ulipoteza mtu wa kulipia kumbi, viwanja na bustani. Kampuni za binafsi zilizokuja baadaye zilichukua mawe. Kazi ya starehe ya wakaaji haikuchukuliwa na mtu, wala na leta.

Mahali palipo karibu

Pa kwanza ni Kapolowe, kama kilomita 30 kutoka Likasi, upande wa barabara ya Lubumbashi. Hapo kuna ziwa Tshangalele. Watu wengi hawajui kwamba ziwa hilo limetengenezwa na binadamu: lilijaa baada ya bwawa la Mwadingusha kujengwa juu ya mto Lufira, kazi iliyomalizika mwaka 1930. Mwaka 1982 UNESCO iliandika eneo la Lufira kati ya hifadhi zake za mazingira. Mtu anaenda Kapolowe kuona maji, ndege na mitumbwi ya wavuvi, na kula bukari kwa samaki aliyetoka majini asubuhi ile.

Mwadingusha yenyewe iko mbali zaidi, kama kilomita 70, kwa njia inayotaka gari yenye nguvu wakati wa mvua. Maporomoko yake yaliitwa zamani Cornet. Lakini maji mengi sasa yanapita ndani ya mabomba kwenda kwenye mashine sita za umeme, zilizofanywa upya hadi mwaka 2021 ili zitoe megawati 78. Ni mtambo wa SNEL, kwa hiyo mgeni anatafuta ruhusa kwanza.

Njiani kuelekea Lubumbashi unavuka daraja la Lufira. Mwezi wa tisa 1961, askari wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville, na wenzao waliokuja kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja hilo. Mwaka 2016 ilitoka filamu juu ya vita hivyo, watu wa nchi nyingi wakaijua Jadotville. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, na makuta ya kazi hiyo yalibaki huko.

Kuna pia mahali pa kuacha. Shinkolobwe, ambako ilitoka uraniumu ya bomu la Hiroshima, iko karibu na Likasi, lakini si mahali pa kutembelea. Serikali ilikataza kuchimba huko Januari 2004, na mwezi wa saba mwaka huo huo udongo uliporomoka na kuua watu. Na hifadhi ya Kundelungu yenye maporomoko ya Lofoi, yanayoshuka zaidi ya mita 300 mara moja, ni safari ya siku kadhaa. Siku mbili hazitoshi.

Maji ni mazuri kwa macho

Jambo zito liko hapa. Ziwa ambalo bwana na bibi wanaenda kutazama linapokea maji ya mito inayopita karibu na viwanda. Mto Panda unatoka upande wa Likasi na kuteremka hadi bonde la Lufira, na kwa miaka mingi umebeba uchafu wa kazi ya shaba na kobalti.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kwa wakaaji wa kawaida mahali pengine. Watafiti wengine baadaye walipima samaki wa Tshangalele, wakakuta metali kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Hii haina maana kwamba kula samaki mara moja kwa mwezi kutamuua mtu. Anayekula samaki hao kila siku, yaani mvuvi wa Kapolowe na watoto wake, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Mgeni wa wikendi anaweza kujichunga kwa mambo madogo: kuacha maini na matumbo ya samaki, kwa maana huko metali hujikusanya kuliko ndani ya nyama, kubeba maji yake ya kunywa, kutoogelea mahali maji yamesimama kwenye majani, kwa sababu ya kichocho. Lakini mgeni hawezi kupima ziwa. Hiyo ni kazi ya leta na ya wenye viwanda, na matokeo yake yangepaswa kubandikwa pale pale ukingoni, kwa Swahili, ambapo mvuvi na mgeni wote wanaweza kuyasoma.

Njia na makuta

RN1 kati ya Likasi na Lubumbashi, kama kilomita 120, ina lami, na wenye magari wanalipa kuipita. Lakini ni njia ya malori ya shaba, ya kobalti, ya chokaa na ya asidi. Februari 2019, upande wa Tenke, lori la asidi lilipata ajali na watu zaidi ya 15 wakafa. Ndiyo sababu wenye moto wanaogopa kubeba bibi nyuma hadi Kapolowe, na wana haki. Basi la asubuhi ni salama kuliko moto, na kurudi kabla ya giza ni bora kuliko kulazimisha njia usiku.

Makuta nayo yamekaza. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi ili bei ipande, na tangu 16 Oktoba 2025 kila kampuni inapewa kiasi chake. Bei imefikiriwa Kinshasa, lakini mchimbaji mdogo wa Kambove, muuza vyakula na mwenye moto wa Kikula, wote wanahesabu upya. Katika hesabu hiyo, matembezi ndiyo ya kwanza kufutwa.

Njia iliyopo ni ile ambayo wamama wanaijua tayari: likelemba. Watu 10 wakitoa kila mmoja franka 10,000 kwa juma, kila juma mmoja anapokea 100,000. Wengi wanaitumia kwa kodi ya nyumba au mtaji. Bwana na bibi wakiamua kwamba zamu moja kwa mwaka ni ya nauli, chumba cha kulala na chakula, safari inawezekana bila deni. Wakati mzuri ni kipwa, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, njia zikiwa kavu, lakini mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi kali, blanketi ni lazima.

Sheria inasema nini?

Mtu akisema mji hauna uwezo wa kutengeneza ukingo wa ziwa, amjibu na Kodi ya Madini ya 9 Machi 2018. Sheria hiyo inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni ya madini inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaoizunguka, na kutia sahihi daftari la ahadi pamoja nao.

Mara nyingi wakaaji wanapoitwa kusema wanataka nini, wanataja shule, kituo cha afya na pompi ya maji. Ni haki, hayo ndiyo ya kwanza. Lakini choo safi kwenye ukingo wa Tshangalele, kivuli, mahali pa kusimamisha basi mbali na malori, na mtu wa kupima maji kila miezi mitatu, havigharimu kama shule. Tena vinaleta makuta: mwenye mtumbwi, mama mpika samaki, mwenye vyumba viwili vya kulaza wageni, wote wanapata kazi isiyotegemea bei ya kobalti.

Daftari hizo zina muda wake na zinarudiwa. Mkutano wa kuzirudia unapoitishwa katika komini au sekta, kiti cha mkaaji kipo. Bwana na bibi wanaotaka siku mbili zao kando ya maji wana mambo mawili ya kuuliza hapo: asilimia 15 ya komini au sekta yetu iliingia lini na ilifanya nini, na maji ya ziwa yalipimwa mara ya mwisho tarehe gani?