Meru na Embu zina viwanja, sasa ziunde klabu

Wikendi ikifika, vibanda vya kuonyesha mechi kuanzia Maua hadi Runyenjes hujaa mashabiki wa Arsenal. Wanamjua kila mchezaji, lakini kuna somo kubwa zaidi katika historia ya klabu hiyo. Mnamo 1886, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha mtaani Woolwich, London, walichangishana pesa wakanunua mpira. Hata jezi nyekundu walizoanza nazo walisaidiwa na Nottingham Forest. Walihamia uwanja wa Highbury mwaka wa 1913 na kushinda ligi kwa mara ya kwanza 1931, miaka 45 baada ya kuanza. Wenye klabu walitangulia. Uwanja na kombe vikafuata.

Sisi tumeanza na saruji. Uwanja wa Kinoru ulikarabatiwa kwa ajili ya fainali za soka za Afrika, CHAN 2018, ambazo Kenya ilipokonywa Septemba 2017; Juni 2018 ukaandaa sherehe za Madaraka. Uwanja wa Moi mjini Embu ulipata zamu yake ya sherehe hizo 2023. Hata hivyo, hakuna klabu ya Meru wala Embu iliyowahi kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Uwanja usio na klabu yenye mizizi hungoja wageni na hotuba.

Wapo wanaosema kwamba serikali ya kaunti au kampuni kubwa ndiyo ianzishe timu. Ni kweli njia hiyo huleta matokeo ya haraka: SoNy Sugar ya Awendo, mji mdogo wa miwa, ilitwaa ubingwa 2006. Lakini mwaka wa 2019 klabu hiyo hiyo ilitimuliwa ligini kwa kukosa kufika kwenye mechi, baada ya kuishiwa pesa. Timu ya kaunti nayo itategemea bajeti na matakwa ya gavana, na magavana hubadilika. Mali ya mfadhili hufa mfadhili akichoka.

Wengine watauliza kama wananchi wa kawaida wanaweza kugharimia klabu. Mashabiki wa klabu ya Wimbledon ya London wametoa jibu. Mwaka wa 2002, wamiliki waliporuhusiwa kuihamishia timu Milton Keynes, mashabiki waliunda AFC Wimbledon yao, wakaanzia ngazi ya tisa, na 2011 wakaingia katika ligi za kulipwa. Hadi leo mashabiki ndio wenye klabu. Ikidaiwa kuwa hayo ni ya Wazungu, tutazame viwanda vyetu vya majani chai: Imenti, Michimikuru, Mungania na Rukuriri vinamilikiwa na wakulima wadogo kwa hisa. Watu walioweza kumiliki kiwanda kwa pamoja hawawezi kushindwa na timu ya mpira.

Klabu ya namna hiyo haitacheza kama Arsenal, na mwanzoni wengi watabaki vibandani. Hilo lisitukatishe tamaa, kwa kuwa vijana wa Igembe na Mbeere wanahitaji pa kuanzia kabla ya kufika mbali. Vyama vya ushirika na sacco viitishe wanachama, viandike katiba inayompa kila mmoja kura moja, kisha vidai kwa kaunti jambo moja tu: viwanja vilivyojengwa kwa kodi yetu vifunguliwe kwa klabu hizo kila wikendi.